Macho ya Mchawi wa Kitabuni

Kwa nini mchawi wa kitabuni alikuwa na macho kama ya bibi yangu?

Swali hilo lilinirudia juzi nilipopita soko la Kibaoni asubuhi, harufu ya vitumbua ikanisimamisha. Wewe pengine ungesikia njaa. Mimi nilisikia hasira.

Bibi alikuwa akipika vitumbua vya kuuza sokoni hapo. Alfajiri alitwanga mchele aliouloweka, akakoka moto kwa kuni ambazo masika hazikauki, akainama kupuliza. Moshi wa miaka yote ulimwachia macho mekundu. Sisi wa nyumbani hatukuyashangaa, kama tusivyoshangaa mikono yake yenye alama za mafuta.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alileta kitabu cha kutisha, hadithi ya mwandishi wa Kizungu wa zamani iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Alitusomea kila Ijumaa mchana, tumebanana kwenye madawati kwa hofu tamu. Kikongwe mwenye macho mekundu ananyonya damu za watoto. Daktari mzungu, mpole na msafi, anawaokoa.

“Mwalimu, kwa nini mchawi ni bibi?” niliuliza.

“Kaa chini. Ulitaka awe nani, mwenyekiti wa kijiji?”

Darasa zima likacheka.

Haukupita muda vitumbua vikaanza kubaki kwenye beseni. Wanafunzi wenzangu walipita mbali na jiko wakiimba, “Nyie, msile, vina damu!” Kina mama nao wakaacha kununua. Mwanzoni bibi alicheka. “Mjukuu wangu, ningekuwa na uchawi ningehangaika na kuni mbichi?” Akaacha kucheka siku vijana walipolipiga jiko lake teke na kumwambia ahame kabla hawajarudi. Hawakuwa wanatania. Kwetu vikongwe walishakatwa mapanga kwa sababu ya macho tu.

Mjomba alimhamishia kwake Ilembo, katika chumba cha uani, watu wasimwone. Bibi aliyezoea kuamsha soko zima hakuwasha moto tena. Alifia humo, na msibani watu walisema alikuwa mtu mwema. Walisema kwa sauti, bila haya.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo kikuu, nilikikuta kitabu chenyewe cha asili. Nilikisoma nimesimama. Hakina kikongwe hata mmoja. Mnyonya damu wa yule mwandishi alikuwa mwanamume mweusi aliyeletwa kwa meli kutoka Afrika. Mtafsiri wetu alimwondoa, akamweka bibi kizee mwenye macho mekundu mahali pake. Daktari mzungu alimwacha vilevile.