Jokofu la Gasorwe lililomshika mjane mkono

Saa kumi na moja alfajiri, Gasorwe, huko Muyinga. Fundi Amisa Saidi amelala kwenye mkeka sebuleni kwa watu, kisanduku cha vifaa karibu na kichwa. Maji ya udhu yanayomwagika uani yanamwamsha. Anamwona mwenye nyumba, Mama Zaituni, akiingia peku, miguu ikichuruzika maji, akienda moja kwa moja kwenye jokofu kuukuu lililo kando ya ukuta.

"Asalamu alaikum, mzee," anasema, na kuweka kiganja juu ya mlango wa bati.

Jokofu linanguruma. Bega la mjane linaruka. Anarudisha mkono, anausugua, kisha anacheka taratibu kama mtu aliyetaniwa.

"Leo amenishika kwa nguvu," anamwambia Amisa.

Mumewe, Uthmani, alizikwa miaka mitatu iliyopita.

Amisa, mwenye umri wa miaka 41, anaishi mtaa wa Waswahili mjini Gitega, na anasema hapo nywele zilimsimama. Siku iliyotangulia alikuwa amefunga safari kupitia Karuzi baada ya Fatuma, binti wa Zaituni, kumpigia simu kwamba jokofu haligandishi tena. Alibadilisha mpira wa mlango, akaligusa ubavuni, asihisi kitu. Akala ugali wa watu, akalala akiamini kazi imekwisha. Lakini alikuwa amevaa kandambili, na sakafu ilikuwa kavu.

"Nyumba nzima wanavaaka kandambili," anasema. "Ni yule mama peke yake anaigusa peku, na maji ya udhu. Kila asubuhi!"

Jokofu lenyewe Uthmani alilinunua mwaka 1983 kwa mapadri wa Mushasha, Gitega, akalileta juu ya lori la maharage, amelikumbatia njia nzima. Baada ya matanga, Zaituni alianza kuhisi vidole vikimchezea kiganjani kila alfajiri. Hakuogopa hata kidogo. Mume wake alikuwa na desturi ya kumshika mkono kabla ya swala, na kifo, aliona, hakikuwa kimeivunja.

Mazoea yana taabu. Mwanzoni vidole tu. Kufika Ramadhani, kiganja chote. Sasa, Zaituni anamwonyesha fundi, mzee anafika hapa, kwenye kiwiko.

"Mi naona ananiita," anasema. "Na mi niko tayari."

Amisa alimwomba asogee, akagusisha ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye bati na nyingine kwenye sakafu iliyolowa. Mita ikapanda hadi volti 110. Alichomoa waya ukutani, na nyumba ikawa kimya ghafla.

"Usinikatie mume wangu!" Zaituni alipiga kelele.

Fatuma alitoka chumbani akikimbia. Siku zote alidhani mama yake amechanganyikiwa kwa majonzi, akamwachia Mungu. Sasa aliitazama ile mita, akakaa chini.

Ndipo Amisa akasimulia jambo ambalo wateja wake hawalijui. Baba yake, Chabani, ndiye aliyemfundisha ufundi. Mwaka 1999, katika mkahawa mmoja wa Gitega, alishika jokofu kwa kiganja. Mkono ukajifunga na haukufunguka.

"Tulimbandua kidole kimoja kimoja, amekwisha kufa," anasema. Tangu siku hiyo Amisa hugusa kila kitu cha umeme kwa mgongo wa mkono, ili mkono ukishtuka, uruke. Hata watu huwasalimu hivyo hivyo, na wengine humwona ana maringo.

"Kuran, huu umeme, haisalimu, Mama. Inakamata," alimwambia Zaituni. "Siku itakayokukamata, Fatuma atakuja kukubandua. Mtaenda wawili. Mzee Uthmani alikuwa mtu wa kuchukua binti yake?"

Zaituni alimtazama Fatuma.

"Fanya," alisema.

Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo ya kutia hasira. Nyuma ya mashine, waya ulikuwa umesuguana na bati miaka na miaka hadi ukachubuka, shaba ikabaki uchi. Amisa aliubadilisha. Kisha alichimba karibu na migomba, akasimika chuma, akakiunganisha na jokofu ili umeme ukivuja uende ardhini. Mita ikasoma sifuri. Kazi yote alilipwa faranga elfu thelathini, nauli humohumo.

Jambo moja halikumtoka kichwani. Fatuma alikumbuka kwamba mwezi uliopita umeme ulikatika Gasorwe siku nne mfululizo, na alfajiri zote nne mama yake alitoka sebuleni akisugua mkono.

Amisa anasema: "Mi ni fundi wa frigo tu."

Anataka, kabla ya Ramadhani ijayo, apite nyumba kwa nyumba Gasorwe na Muyinga mjini, penye majokofu ya zamani, asimike vyuma. Amekwisha kuhesabu nyumba kumi na tisa. Anasema hatangoja kuitwa.

Lakini kwanza alilala usiku wa pili pale pale. Alfajiri Zaituni aliingia na miguu yake yenye maji, akatoa salamu, akaweka kiganja. Akangoja. Akaweka na cha pili.

"Hayuko," alisema. Mkono ukabaki umenyooshwa hewani, hana pa kuupeleka.

Amisa aliusogelea kwa mgongo wa mkono wake, kwa mazoea. Kisha akaugeuza wake, akaushika wa Zaituni kwa kiganja. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na vidole vya mjane vilijifunga kwa nguvu.

Hakuuvuta. Alingoja mpaka Mama Zaituni alipouachia mwenyewe, akaenda kuswali.