Mwoga Anayelinda Mlango wa Sinema

Mtu mwoga kuliko wote ninaowajua hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ndiye anayeonyesha sinema za kutisha. Anaitwa Valentin, Mrundi wa Makamba, baba wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki. Anaogopa vyura. Anaogopa sindano. Radi ikipiga, mkewe Émérance ndiye hutoka kuanua nguo. Mtu huyo namwombea kila Jumapili kanisani kwetu, ingawa sisi ni Wapentekoste na yeye rozari yake bado hajaiacha, na sababu nitaieleza.

Kibanda chake ni cha udongo, paa la mabati, mabenchi kumi na moja, na televisheni moja inayotumia umeme wa sola. Filamu huzileta kutoka Mbarara ndani ya flashi. Zinasema Kiingereza, Kihindi, Kichina, na lugha nyingine ambazo sidhani kama wenyewe wanazielewa. Valentin huketi kando ya televisheni na maikrofoni yake, akatafsiri kila neno kwa Kiswahili. Mara ni mfalme, mara ni mchawi, mara ni binti wa mfalme kwa sauti nyembamba mpaka wanaume wanagonga mabenchi kwa kicheko. Kichina hajui hata neno moja. Jambo hilo halimsumbui yeye wala sisi.

Kabla filamu haijaonyeshwa kwa watoto, yeye huitazama kwanza, mchana, mlango ukiwa wazi na Émérance kando yake akikanda unga wa mandazi. Siku moja, katika filamu, mkono ulitoka ndani ya chungu. Valentin alitimua mbio hadi kwa fundi baiskeli. Watu walimcheka wiki nzima. Mimi nilimcheka wiki mbili. Hakukasirika. Alisema asiyeogopa hawezi kujua woga umejificha wapi ndani ya filamu, na ndiyo maana kazi hii amepewa yeye.

Jumamosi asubuhi huwapima watoto. Haulizi umri, kwa kuwa umri wa watoto wa hapa mara nyingi ni wa kubahatisha. Mimi mwenyewe, siku tulipofika Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, nilikuwa nimechoka hata jina langu nililitaja vibaya, na nilipoulizwa tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu Nabintu nikatoa tarehe ya kwanza iliyonijia mdomoni. Kwa hiyo kadi yake inamwongezea karibu mwaka mzima. Valentin huwakalisha watoto nje, bila picha yoyote, akawasimulia kwa mdomo lile zimwi la filamu: meno yake, harufu yake, linavyotembea. Kisha hunyamaza. Mtoto akiuliza, "Halafu?" huyo yuko tayari, alasiri aingie. Akiuliza, "Sasa liko wapi?" huyo bado. Wa bado hupewa nusu ya andazi na kuambiwa arudi mwezi ujao, na kwa sababu ya andazi hilo wapo wajanja wanaouliza liko wapi kwa makusudi. Hata mwalimu Orpa wa shule yetu humpelekea vitabu vya majini na mazimwi, apate kujua kipi kisomwe na darasa la pili na kipi kisubiri.

Nabintu hakuuliza halafu, wala hakuuliza liko wapi. Alikaa tu, mikono chini ya mapaja. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa hivyo, na Valentin akasema bado.

Nilikasirika. Binti ana miaka tisa, wenzake wote wanaingia, yeye anarudi nyumbani na nusu ya andazi kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Nikaacha nyanya zangu za kuuza kwa jirani, nikaenda kumkabili Valentin pale mlangoni, watu wakisikia.

"Mutoto yangu ameona batu ya bunduki na macho yake," nilimwambia. "Sasa ataogopa nyoka ya mu televizyo?"

Alikuwa akiniogopa mimi pia, niliona, lakini hakutoka mlangoni.

"Ni sababu hiyo, Mama Nabintu," alisema. "Mutoto mwenye hakuona kitu, anaogopa nyoka. Mwenye ameona, mimi sijui anaogopa nini. Na kitu sikijui, siwezi kukitafsiri."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa amejifunga kanga kiunoni.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Mbarara kununua vitenge vya kuuza. Nikamchukua Nabintu. Tulifikia kwa binamu yangu Eliane, mtaa wa Kakoba, mwenye televisheni pana kama mlango. Nikamwomba amwekee mtoto ile filamu ambayo wenzake walikwisha kuiona. Ni hadithi ya joka linaloishi kisimani, ndugu wawili, na mama yao. Nikajisemea moyoni kwamba nikirudi Nakivale nitamwonyesha yule mwoga. Kisha nikaenda sokoni, na mvua ikanizuia huko.

Niliporudi, filamu ilikuwa imekwisha na Eliane alikuwa akizunguka nyumba akimtafuta mtoto. Tulimkuta chini ya kitanda, macho wazi. Nilimwita, hakuitika. Nilimvuta nje, hakulia. Hakusema neno siku hiyo, wala siku ya kurudi, wala njiani pale Kabingo niliponunua mahindi ya kuchoma anayoyapenda, wala wiki tatu zilizofuata. Shuleni mwalimu Orpa akisoma majina, yeye aliinua mkono tu. Mchungaji alimwekea mikono. Muuguzi wa zahanati alimtazama masikio na koo, akakuta vizima. Na kila nilipotoka kwenda kuuza nyanya, nikirudi nilimkuta chini ya kitanda.

Mtoto alikuwa anaponyoka mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyemsukuma. Nikameza aibu, nikaenda kwa Valentin.

Hakusema "nilikuambia". Kwa hilo peke yake nitamshukuru hadi kaburini, maana mimi ningelisema, tena mara mbili. Aliuliza ni filamu gani, akaitazama upya mwanzo hadi mwisho mbele ya Émérance, kisha akaniita. Alikuwa amelowa jasho. Alisema joka si shida. Shida ni ghala. Katika filamu ile mama anawaficha watoto wake ndani ya ghala la nafaka, anawaambia wasitoe sauti mpaka arudi, kisha anaondoka. Akaniuliza, huku akitazama miguu yake, kama na sisi tuliwahi kujificha.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku tuliyokimbia kwetu Walungu, Kongo, Nabintu alikuwa na miaka minne. Nilimwingiza chini ya kitanda, nikamwambia asitoe sauti, hata akisikia anaitwa kwa jina lake, mpaka nirudi. Kisha nikakimbia ng'ambo ya kijito kumchukua mama yangu, ambaye Nabintu alimwita koko, maana miguu yake ilikuwa haimbebi. Nilidhani ni safari ya dakika chache. Nilirudi jua likiwa linashuka, mama yangu mgongoni. Nabintu alikuwa pale pale, amejikojolea, kimya. Nilimshika mkono tukaondoka. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata, na ile siku sikuitaja tena. Nilidhani mtoto wa miaka minne husahau. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo naijua tangu utoto, na bado nilimkalisha binti yangu kwenye unyasi kisha nikaenda sokoni.

Valentin alijifuta uso kwa kofia yake. Hakunipa mawaidha. Alinieleza tu siri ya kazi yake, kwamba woga humtoka pale anaposhika maikrofoni, kwa sababu joka haliwezi kusema kitu mpaka yeye alisemee. Akaniambia nimlete mtoto kesho saa nane mchana, wakati kibanda ni kitupu, si kwa kutazama bali kwa kutafsiri.

Kesho yake tulikuwa wanne, mlango umeegemezwa jiwe usijifunge. Émérance alikuja na beseni lake la unga. Valentin alimkalisha Nabintu kwenye kiti cha mtafsiri, akasimama kando yake, akawasha filamu. Joka lilipotoka kisimani, akatangaza kwa sauti ya kwaya kwamba huyu ni mbuzi wa jirani, ametoka kunywa maji. Joka likatema moto. Valentin akasema masikini mbuzi ana kikohozi. Nabintu akamgeukia, akamtazama. Joka likang'oa paa la nyumba. Valentin akasema mbuzi huyu anapenda sana majani. Binti yangu akanyoosha mkono, akamnyang'anya maikrofoni.

"Haiko mbuzi," alisema.

Wiki tatu nzima. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Nilishika benchi kwa mikono miwili nisije nikaruka nikaharibu kila kitu. Akaendelea. Alisema hili ni joka, lina njaa, halina adabu, na akalipa sauti nene ya mchungaji wetu. Mungu anisamehe, nilicheka. Émérance alicheka mpaka unga ukamwagika.

Kisha likaja ghala. Valentin akaweka kidole kwenye rimoti, tayari kuzima, lakini Nabintu akatikisa kichwa. Mama wa filamu akawaambia watoto maneno yake, akafunga mlango, akaondoka. Wale wawili wakabaki gizani. Nabintu alinyamaza, na mimi nikadhani basi, tumempoteza tena. Halafu akasogeza maikrofoni karibu na mdomo, akasema polepole.

"Mama yabo hakubaacha. Ameenda kutafuta koko, sababu koko hawezi kutembea. Banyamaze tu. Mama anarudiaka."

Katika filamu ile hakuna koko. Nilielewa hapo kwamba binti yangu hakusahau hata kidogo, na kwamba kwa miaka mitano alikuwa akijisimulia peke yake kule nilikokwenda. Nililia bila kujificha. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru yule mwoga na mkewe, nikalishukuru hata lile joka.

Mama wa filamu alikawia kurudi. Nabintu hakuuliza kitu. Alikaa na maikrofoni yake akawasemesha wale watoto, akawaambia kumekucha, akawaambia mvua imekatika. Valentin kwa wakati huo alikuwa nyuma ya mgongo wa Émérance, maana joka lilikuwa linanusa mlango wa ghala. Hatimaye mlango ukafunguliwa na mama akaonekana. Hapo Nabintu hakutafsiri. Alishuka kwenye kiti, akaja hadi kwenye benchi langu, akaniwekea maikrofoni mkononi.

"Hapa useme weye," alisema.

Valentin akaisimamisha picha. Nikasema yale niliyopaswa kusema siku ile pale kando ya kitanda, na ambayo sikuyasema kwa sababu tulikuwa na haraka.

"Nimerudia, mwana wangu. Nilikawia mingi. Aksanti kwa kuningojea."