Kikombe cha Kwanza cha Mama Noella

Nimeona nchi ambako mashine ya kahawa hukaa jikoni. Kwa Honorine, hapa Uvira, ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya televisheni, nayo ilitazamwa kuliko televisheni. Mdogo wake aliituma kutoka Liège, Ulaya. Honorine, muuza vitenge mwenye heshima zake, hakupenda kahawa. Alipenda wageni waione mashine.

Baada ya muda maji yaliipaka ndani utando mweupe, mgumu kama chokaa, hadi ikawa inakohoa tu bila kutoa kitu. Na Jumamosi hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Sange kumposa binti yake, Noella, kwa ajili ya kijana wao. Binti alishapenda, mama alishatangaza mtaa mzima. Asubuhi akamimina ndani siki ya kachumbari, akaiwasha. Utando ukayeyuka. Ikabaki kuisuuza kwa maji safi. Bomba likakauka. Ndoo moja ya maji iliyobaki ilikuwa ya kupikia kahawa yenyewe.

"Mama, isuuze hata kidogo," Noella akasihi.

"Na wakwe wakunywe nini weye, upepo?"

Wakwe wakaketi. Kahawa ikatoka nyeusi, ikifuka mvuke. Hakuna aliyeigusa. Kando ya ziwa hili mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimtazama koo, maana kila familia ina hadithi yake ya sumu. Honorine akanywa. Kachumbari ya moto! Akikunja uso, posa imekufa. Akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Mama Noella, mbona unalia?" akauliza Ezéchiel, baba mdogo wa kijana.

"Iko furaha, mukwe."

"Basi maliza."

Akamaliza. Ezéchiel akaonja tone moja, macho yakamtoka. "Hii iko na kitu ndani!"

Kutaja siki kungekuwa kukiri kwamba kweli ameweka kitu. Honorine akavivuta vikombe vya wakwe, kimoja baada ya kingine, akavinywa vyote.

"Kahawa ya Ulaya ndivyo iko," akasema. "Haielewane na kila tumbo."

Wakwe wakanong'onezana.

"Muntu anakunywa sumu ya watu wote na haanguke," Ezéchiel akatangaza, "roho yake iko safi. Tumbo, minye sijue."

Posa ikakubaliwa. Sharti lilikuwa moja: siku ya harusi wao watakunywa bia, na kila chupa ifunguliwe mbele ya macho yao. Honorine akaitikia kwa kichwa. Mdomo hakuthubutu kuufungua.