Maneno ya Nyuma ya Pazia

Usimcheke mkurugenzi wa maji kama hujawahi kusimama mbele ya watu mia mbili wenye ndoo tupu. Mtu mzima, shahada zimejaa ukutani, lakini akishika kipaza sauti mikono inamtetemeka utadhani kashika samaki hai. Ndiyo maana kila Alhamisi wananchi wakijaa ukumbini, karani wake alikaa nyuma ya pazia akimnong'oneza la kusema. Ofisini wakambatiza Bi Mnong'ono.

Na kazi aliijua, bwana! Ndiye aliyemwambia bosi akunje mikono ya shati, aonekane mchapakazi. Ndiye aliyeondoa glasi mezani. Jamani, watu hawana maji miezi miwili, wewe unakunywa mbele yao? Hata maswali aliyapanga yeye, na wa kuyauliza.

Wiki ile alimpanga shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo. Akampa kikaratasi: "Uliza tu, wananchi tuwasaidieje mafundi. Basi."

"Haya, mwanangu." Goti la shangazi lilikuwa limevimba kwa kupandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu. "Lakini maji yanarudi lini hasa? Nijue kama nihamie kwa dada yangu au nivumilie."

Fundi mkuu alishasema miezi mitatu. Bi Mnong'ono akatazama pembeni. "Hivi karibuni, shangazi."

Alhamisi shangazi akasimama kwa kujivuta, akakisoma kikaratasi, akakitia kwenye mkoba. "Maji yanarudi lini? Na msiniambie hivi karibuni, nimeshalichoka neno hilo."

Mkurugenzi, masikini, akajibu alichokariri: "Nakushukuru mama kwa moyo wako wa kutusaidia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jasho likamtoka bosi wa watu, akageuza shingo kwenye pazia.

Kwenye karatasi yake ya majibu Bi Mnong'ono alikuwa ameandika "hivi karibuni". Akilisoma hilo, kazi yake salama. Akachungulia, akamwona shangazi ameshikilia kiti cha mbele asianguke.

"Miezi mitatu," akanong'ona.

"Miezi mitatu," mkurugenzi akasema kwa sauti, kama alivyozoea. Ndipo akasikia alichokisema.

Lo! Walimfokea nusu saa. Walipotoka, mkurugenzi akaja nyuma ya pazia, akamkuta Bi Mnong'ono anakusanya vitu vyake.

"Hilo halikuwepo kwenye karatasi."

"Halikuwepo, bosi. Nisamehe."

Bosi akanyoosha mikono yake, akaiangalia. "Wamenitukana vile, na haikutetemeka," akasema. "Rudisha vitu vyako mezani."

Jioni Bi Mnong'ono alimbebea shangazi mizigo kwenda kwa dada yake, moyo mweupe, akisubiri kusifiwa kidogo.

"Yale maneno ya mkurugenzi yalikuwa yako," shangazi akasema. "Nimekulea, nisikujue?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa mbona nyumbani, tukiwa wawili tu, uliniambia hivi karibuni?"

Bi Mnong'ono akahamisha mzigo bega la pili. Waliendelea kutembea.