Elektroni Zilizoshukiwa Kuiba Betri

Nilirudi kutoka masomoni ng'ambo miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa, nikapangiwa kufundisha fizikia sekondari huko Mlali. Mama yangu, mkulima wa kabichi mlimani, aliulizwa kanisani mwanawe kasomea nini. Akajibu kama nilivyomweleza: "Vitu vinavyopita ukutani bila kutoboa."

Wiki hiyohiyo betri za redio zikapotea dukani kwa mzee mmoja aliyeneemeka upesi tangu biashara binafsi iruhusiwe. Mlango mzima, ukuta mzima. Alikuwa amesikia ya kanisani, akanifuata hadi darasani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo elektroni zako zinaweza kubeba betri?"

Wanafunzi wakanigeukia. Nikamweleza kwamba elektroni ni ndogo kuliko vumbi lolote. Kwamba hata ukiifungia ndani ya kijichembe cha semikondakta, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, huenda ikaonekana upande wa pili wa kizuizi ambacho haina nguvu ya kukiruka. "Kizuizi kikiwa chembamba, zinapita. Kikinenepa kidogo tu, ni nadra mno kupita."

Hakusikia kingine. Aliondoka akirudia, "Kikinenepa."

Kesho yake akaita mafundi. Nje hakukuwa na nafasi, mbele barabara, nyuma shamba la watu, kwa hiyo ukuta ulinenepeshwa kuelekea ndani. Safu ya matofali, kisha nyingine.

"Mzee, mimi nilikuwa nazungumzia elektroni!" nilimsihi.

"Na mimi nazungumzia betri."

Walipomaliza, duka lilimtosha yeye, rafu moja na mteja mmoja mwembamba. Wa pili akijaribu kuingia, mgongo wa yule wa ndani ulimrudisha nje; sharti mmoja atoke ndipo mwingine aingie. Ndivyo vijichembe vyetu vya maabara kule ng'ambo vilivyokuwa, elektroni iliyomo ikiisukuma inayokuja.

Basi nje kukawa na foleni. Watu walikuwa hawajasahau foleni za sukari na sabuni za miaka ya uhaba, na kila aliyepita alijiunga.

"Kumetoka nini leo?" mama mmoja aliniuliza kwa kunong'ona, kikapu mkononi.

"Betri tu, mama."

"Usinifiche, mwanangu," akasema, akasogea mbele.

Mwizi hatukumjua kamwe. Mzee aliuza kuliko wakati wowote, akaanza kujenga duka la pili, akaniita nije nimpimie unene wa kuta. Nilikwenda, na futi kamba ya kuazima kwa fundi cherehani.