Nyundo ya Chumba cha Vielelezo

Siku yangu ya kwanza kazini, mahakamani Lodwar, nilitarajia kupewa kiti. Mkuu wa makarani alinikabidhi ufunguo, daftari na nyundo. Nilipangiwa chumba cha vielelezo, yaani vitu vinavyoletwa kuthibitisha kesi.

"Ekai, hakimu akiamuru kitu kivunjwe, mwite kwanza mwenyewe aone," aliniambia.

Nilimwona mzee wa kupoteza muda. Kwa miaka mingi nilivunja mizani za kupunja na kaseti za kunakiliwa bila kumwita mtu.

Baadaye nikapangiwa mahakama tembezi ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Huko maduka ya simu yaliwajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu, na wengi hawakujua kuwa hilo ni jinai. Vijana, msidanganyike: sheria ya hakimiliki humlinda mwenye kazi yake, na anayeuza nakala bila ruhusa aweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Nakala zenyewe huharibiwa, au hukabidhiwa mwenye haki.

Mwenye duka mmoja alishtakiwa kwa kuuza nyimbo za kwaya ya Wakongo. Alikiri, akatozwa faini, na hakimu akaamuru kadi zote zenye nakala ziharibiwe. Nilikuwa nimeshika nyundo nilipomwona kiongozi wa kwaya, Mama Zawadi, bado yuko kwenye benchi nje, analia. Kesi ameshinda, analia nini? Nikamwita.

"Baba karani, utavunja byote?" akauliza. "Ile kadi yetu ya kwanza maji ya mvua ilibeba. Sauti ya Zawadi wangu inabakia mu hii tu. Mutoto alishakufaka."

Nikaiweka nyundo chini. Nikamkimbilia hakimu kabla hajapanda gari.

"Karani, amri yangu huielewi?"

"Naielewa, mheshimiwa. Ila huyu mama hana nakala nyingine. Sheria si inaruhusu akabidhiwe?"

Akaagiza wote warudi ndani. Mwenye duka alipoulizwa kama ana pingamizi, alijibu, "Mpeni mama. Mimi hata sikujua." Amri ikabadilishwa, na Mama Zawadi akaondoka na kadi yenye sauti ya mwanawe ameifumbata mkononi.

Sasa nimestaafu, nipo Lodwar na mbuzi wangu. Watu hunisifu kwa siku ile ya Kakuma, nami naona haya. Zile kaseti za zamani nilizivunja zote, na sijui zilibeba sauti za nani.