Maji ya Samaki na Mtungi wa Bibi

Juzi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi moja, nasubiri kuitwa kwenye usaili, mara ukanifikia moshi wa ubani kutoka duka la jirani. Wengine wakinusa ubani hukumbuka harusi au maulidi. Mie nakumbuka samaki wanaohema.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Chang'ombe, baba, bibi mzaa baba na mimi, katika nyumba yenye gereji isiyowahi kulaza gari. Humo baba alihifadhi maji ya tangi lake la samaki wa dhahabu: mapipa mawili ya bluu, wazi, yakikaa siku mbili hadi dawa ya maji ya bomba itoke. Tabu ilikuwa bati la paa. Ikifika saa nane mchana, gereji ilinuka plastiki ya moto, na maji yale ungeweza kumkandia mzazi. Kwa hiyo baba aliyapandisha mapipa juu ya matofali, akayavika magunia yaliyoloweshwa.

Alipoitwa kikazi Dodoma, alinikabidhi kazi hiyo mimi, si bibi.

"Lowesha magunia asubuhi na mchana. Jioni toa ndoo moja chafu, tia moja iliyopoa. Nakuamini."

Neno hilo la mwisho liliniondolea hamu ya kula. Magunia niliyalowesha mara sita kwa siku. Nilichovya kiwiko pipani, kisha tangini, kisha nikarudi pipani kwa sababu nilishasahau lilikuwaje. Kila mara niliona lina joto zaidi.

Siku ya tatu, Alhamisi, nikapata wazo: mtungi wa bibi pale ukumbini, ambao maji yake yaliuma meno. Bibi alipokwenda kwa jirani kusaidia mapishi ya hitima, niliyamwaga maji yake yote, nikaujaza ya pipani. Jioni yalikuwa baridi kweli. Nikayatia tangini nikijiona mhandisi.

Haukupita muda, samaki wote saba walikuwa juu, midomo wazi.

Bibi aliporudi, alisimama mlangoni akanusa.

"Mke mwenzangu, mbona samaki wananukia kama wageni wangu wa Ijumaa?"

Ndipo nilipokumbuka. Kila Alhamisi bibi aliuinamisha mtungi mtupu juu ya chetezo mpaka ukajaa moshi wa ubani, kisha akatia maji ya kunywa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemshikia chetezo mimi mwenyewe.

"Baba hataniachia tena," nikalia.

"Utalia baadaye. Lete sufuria mbili."

Akachota maji ya pipani, akawa anayamimina kutoka sufuria hii hadi ile, kutoka juu, kama anayepoza chai ya mtoto. Mkono wake ukichoka, nilipokea mimi. Kila sufuria iliyopoa ikachukua nafasi ya maji yenye ubani. Hadi adhana ya magharibi, samaki watano walikuwa wameshuka chini wanaogelea. Wawili tuliwazika chini ya mpapai.

Baba aliporudi, bibi alimwambia mbele yangu, bila kupepesa macho, "Joto limewashinda wawili."

Baba aliinamisha uso juu ya tangi, akanusa.

"Joto la mwaka huu," akasema.

Nikashukuru kwamba hajui. Wiki iliyofuata, gerejini pakawa na mtungi mpya juu ya mchanga mbichi, shingoni umeandikwa kwa mkaa, kwa herufi kubwa: USIFUKIZWE. Nikadhani baba anamwonya bibi na ubani wake. Aliposafiri tena, aliniachia samaki tena, nami nikaupokea ule uaminifu kama kitu cha wizi. Nimeishi nao hivyo miaka mingi. Hata kilichowaua wale wawili sina hakika nacho, kama ni ubani au ni baridi ya ghafla, na nimelifikiria jambo hilo mno kuliko linavyostahili.

Pale kwenye benchi, moshi ukiwa puani, nililifikiria tena. Safari hii nikamkumbuka bibi na msahafu wake mapajani. Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu. Neno la mkaa, yeye asingeweza kulisoma.

Katika nyumba ile, aliyeweza kulisoma, mbali na baba, nilikuwa mimi peke yangu. Baba alijua, na bado aliniachia samaki.

Wakaniita jina. Nikainuka.